Ukwapi Bila Utao

Mwaka 2003 jarida la BMJ lilichapisha ripoti ya jaribio lililofanyika Ujerumani kuhusu maumivu ya kisigino. Katika sehemu ya mbinu, ile ambayo wasomaji wengi huiruka, Michael Haake na wenzake wanaeleza jinsi walivyochukua utando wa plastiki uliojazwa hewa wakauweka, pamoja na jeli, mbele ya kichwa cha mashine ya mawimbi ya mshtuko. Kisha mashine iliwashwa kama kawaida na kugonga kama inavyogonga siku zote, mgonjwa amelala, mguu wake umewekwa pale pale unapotakiwa kuwekwa. Ila mawimbi ya namna hii hupita kwenye maji, jeli na nyama ya mwili. Yakikuta hewa, hurudi yalikotoka. Mgonjwa alisikia milio yote na kisigino chake hakikufikiwa na kitu. Watu 137 walitibiwa hivyo. Wengine 135 walitibiwa kwa namna ile ile bila utando wa hewa, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa yuko upande gani.

Kwangu utando ule ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika maandishi ya tiba hii. Ni mwigo uliotengenezwa kwa uangalifu wote, na mgonjwa amekubali mapema kwamba huenda akaangukia kwenye mwigo. Bila mwigo huo, namba zote zinazofuata katika ripoti zisingekuwa na cha kuegemea.

Mjadala wa mawimbi ya mshtuko kwa kawaida huendeshwa upande wa maudhui: yanatibu au hayatibu, yanafaa kisigino au bega, mgonjwa aende mara tatu au mara tano. Mimi nataka kuyasoma maandishi yake upande wa fani. Ripoti za majaribio, na matangazo yanayozaliwa kutokana nazo, yana muundo. Yana wahusika waliochaguliwa na waliokataliwa, yana nafsi na nyakati, yana mahali yanapoanzia habari na mahali yanapoikatia. Na ninashikilia kwamba ripoti na tangazo hutengana kimuundo kabla hatujafika kwenye ukweli na uongo. Anayejua ushairi wetu wa kimapokeo ataliona hili upesi. Mshororo wa shairi la kawaida una vipande viwili, ukwapi na utao, na maana hutimia kipande cha pili kinapokijibu cha kwanza. Jedwali la jaribio nalo limetungwa kwa vipande viwili: safu ya waliopata mawimbi, na safu ya waliopata mwigo wake. Ukikariri ukwapi tu, kila neno litakuwa sahihi, hesabu ya mizani haitakuwa na kasoro, na shairi halitakuwepo.

Tiba yenyewe ilizaliwa bila utao, na wakati huo haikuuhitaji. Chimbuko lake ni kampuni ya ndege ya Dornier, Ujerumani, ambako wahandisi walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoumiza bati la ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Huko ndiko walikoijua vizuri tabia ya mawimbi ya mshtuko: mgandamizo unaopanda ghafla katika sehemu ndogo mno ya sekunde, ukasafiri ndani ya kitu na kumwaga nguvu zake pale unapokutana na ugumu tofauti. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mawimbi hayo bila kumpasua, na mwaka huo huo wakaripoti kazi yao katika jarida la Lancet. Ripoti ya aina hiyo inaweza kusimulia kwa sauti moja kwa sababu jiwe ni shahidi anayejitegemea. Eksirei ya kabla inalionyesha zima, eksirei ya baada inaonyesha vipande, na baada ya siku kadhaa mgonjwa anavikojoa. Imani ya mtu haipasui jiwe.

Kutoka kwenye figo mawimbi yalihamia kwenye mifupa. Mwaka 1991 Valchanov na Michailov wa Bulgaria waliripoti juu ya mifupa iliyovunjika ikachelewa au ikakataa kuunga. Hapo bado picha ilikuwa na la kusema, ingawa tayari kulikuwa na shaka, maana mfupa uliochelewa huweza kuunga wenyewe ukipewa muda. Halafu mawimbi yakafika kwenye kano za bega, za kiwiko na ya nyuma ya kifundo cha mguu, na kwenye ule utando mgumu wa chini ya unyayo unaoanzia kisiginoni na kuvutika kila mtu anapokanyaga. Oktoba 2000 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilitoa kibali kwa mashine ya OssaTron kwa ajili ya kisigino hicho.

Shahidi hapa ni mwingine kabisa. Maumivu ya kisigino hayapigwi picha. Hata ule mwiba wa mfupa ambao wagonjwa huonyeshwa kwenye eksirei hupatikana pia kwa watu wasioumwa. Mwenye habari ni mmoja tu, yule anayeamka asubuhi, anashusha mguu kitandani, na hatua ya kwanza inamfanya ashike ukuta. Huyo ana hamu ya kupona. Amelipa. Anamwonea haya mtaalamu aliyemhangaikia. Na maumivu yake yana desturi ya kupungua yenyewe: wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa kupunguza kusimama, kunyoosha misuli ya shavu la mguu na kubadili viatu. Anaposema amepona, hadanganyi hata kidogo, lakini hana namna yoyote ya kujua ni lipi kati ya hayo yote lililomponya.

Chombo alichopewa asimulie nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mstari ulionyooka wenye urefu wa milimita 100. Mwanzo wake unamaanisha hakuna maumivu, mwisho wake unamaanisha maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyawazia. Mgonjwa anapewa kalamu anakata alama moja, na mtafiti anapima kwa rula. Huo ndio usimulizi mfupi kuliko wote ninaoujua. Hauna nafasi ya sababu wala ya wakati, wala ya lile tunalolisikia kila siku, kwamba nikikaa sijambo ila nikisimama sokoni hadi saa sita mguu unawaka moto. Muuguzi wa zamu ya usiku na karani anayekaa kitini kutwa wanaweza kukata alama pale pale, kwenye 60, na jedwali likawahesabu kuwa sawa. Nalihesabu hilo kuwa hasara ya kweli. Lakini mstari una faida ambayo maneno hayana. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwa adabu kwanza, namshukuru Mungu, afadhali sasa, hata kama ameingia mlangoni anachechemea. Alama ya kalamu haina adabu hiyo ya lazima. Na alama ya leo inaweza kutolewa kwenye alama ya wiki ya kwanza, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa malalamiko mawili.

Sasa tazama mistari hiyo inavyopangwa kuwa jedwali. Mwaka 2002 Rachelle Buchbinder na wenzake wa Melbourne, Australia, walichapisha katika jarida la JAMA jaribio la watu 166 wenye maumivu ya kisigino. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 81 walipata mawimbi mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, jumla ya angalau milijuli 1000 kwa kila milimita ya mraba. Watu 85 walipata huduma ile ile kwa sura, lakini jumla ya nguvu ilikuwa milijuli 6. Baada ya wiki 12 maumivu ya safu ya kwanza yalikuwa yamepungua kwa wastani wa milimita 26.3. Ya safu ya pili, 25.7.

Soma kwanza ile 26.3 peke yake. Watu walioingia wakichechemea wamepunguziwa zaidi ya robo ya mstari mzima. Ni habari njema, na ni kweli tupu. Kama jaribio lingekuwa la kundi moja, namba hiyo ingetosha kuiuza mashine katika kila mji wa Australia. Kisha pokea 25.7, uone jinsi namba ya kwanza inavyobadilika maana bila kubadilika tarakimu. Kwa maneno yao wenyewe, waandishi hawasemi kwamba wagonjwa hawakupona. Wanasema makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwamba hakukuwa na tofauti kati yao. Mpangilio huo wa hoja naupenda, kwa sababu unamheshimu mgonjwa. Nafuu yake haikanushwi. Linalokataliwa ni mashine kujitwalia sifa ya nafuu hiyo.

Pembeni ya kila wastani, ndani ya mabano, kuna namba nyingine ambayo jicho hupita juu yake: 34.8 kwa safu ya kwanza, 34.9 kwa ya pili. Ni kipimo cha jinsi wagonjwa walivyotawanyika kuzunguka wastani, na ni kikubwa kuliko wastani wenyewe. Maana yake ni kwamba ndani ya kila safu walikuwemo watu waliopona karibu kabisa, na walikuwemo waliotoka wakiwa vile vile au wameumia zaidi. Yule aliyepona karibu kabisa ndiye atakayesimulia barazani, na yule wa pili atanyamaza au atahamia kliniki nyingine. Mabano yale mawili yamewaweka wote pamoja, msemaji na mnyamavu. Ninaamini hapo ndipo ripoti hii inapofikia ukamilifu wake, kwenye namba isiyonukuliwa na mtu.

Haina maana kwamba muundo wake hauna nyufa. Wapinzani wake walielekeza kidole kwenye uteuzi wa wahusika: waliruhusiwa kuingia watu wenye maumivu ya kuanzia wiki sita, ambao wengi wao wangepona hata wakikaa nyumbani, kwa hiyo safu zote mbili zilibebwa na mkondo mmoja. Walihoji pia kwamba mawimbi yalielekezwa kwa ultrasaundi mahali ambapo utando wa unyayo umenenepa, wakati wengine huyaelekeza pale mgonjwa anaposema panauma hasa. Hoja ya pili inanigusa zaidi, na inaturudisha kwa Haake.

Kila mgonjwa wa Haake, wa safu zote mbili, alichomwa kwanza sindano ya ganzi. Tiba ya mawimbi ya mshtuko huuma. Anayepigwa mawimbi ya kweli kwenye kisigino kibovu hukunja uso. Anayepigwa mwigo hashtuki, na baada ya dakika moja anaweza kukisia yuko safu gani. Siri ikivuja, mgonjwa wa utao anajua kwamba hajatibiwa na alama yake kwenye mstari inasogea kwa kukata tamaa. Ganzi iliziba ufa huo. Wote walilala kimya sawasawa. Matokeo ya wiki ya 12: waliofanikiwa ni asilimia 34 upande wa mawimbi, asilimia 30 upande wa utando wa hewa. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huenda imeletwa na bahati tu.

Baadaye zikaja tafiti, ikiwemo ya Jan-Dirk Rompe ya mwaka 2005, zilizoonyesha kwamba mawimbi ya nguvu ndogo yanayotolewa bila ganzi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko yanayotolewa kwa ganzi. Maelezo mawili hutolewa. La kwanza ni la kibiolojia: huenda mawimbi hufanya sehemu ya kazi yake kupitia ncha za neva, na ganzi huzizima. La pili ni la mazungumzo. Mgonjwa asiyetiwa ganzi humwongoza mtaalamu. Hapana, sogea, juu kidogo, hapo, hapo hasa. Sauti yake ndiyo inayolenga mashine. Ukimtia ganzi umemnyamazisha mtu ambaye ndiye alikuwa ramani.

Jambo hili nimelifikiria kuliko mengine yote katika maandishi haya. Kifaa cha kimuundo kilichowekwa ili ripoti iwe ya haki huenda ndicho kilichoiondolea tiba nguvu zake. Na ukikiondoa, nguvu zinarudi, lakini siri inavuja: katika majaribio yasiyo na ganzi, maumivu ya wakati wa matibabu huripotiwa zaidi upande wa mashine ya kweli, na huwezi tena kujua ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na mgonjwa kujua kwamba amepata kitu halisi. Anayesoma ripoti za ganzi anasoma tiba iliyodhoofishwa. Anayesoma zisizo na ganzi anasoma siri iliyotoboka. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kana kwamba upande mmoja una data mbaya na mwingine una data nzuri, kumbe kila upande umechagua umbo lake na kulilipia.

Mfano mzuri wa umbo la pili ni ripoti ya Ludger Gerdesmeyer na wenzake ya mwaka 2008, iliyochapishwa katika American Journal of Sports Medicine. Wagonjwa walikuwa 245, wote wa maumivu sugu yaliyokataa tiba nyingine. Mashine ilikuwa ya aina ambayo leo ndiyo imeenea kwenye vyumba vya fiziotherapia: hewa iliyogandamizwa inasukuma kipande cha chuma ndani ya mrija, kikagonga kichwa kinachogusa ngozi, na pigo hilo likaingia mwilini likitawanyika. Kwa wanafizikia haya hata si mawimbi ya mshtuko kamili. Ni mawimbi ya mgandamizo yanayopanda polepole zaidi na kupoteza nguvu kadiri yanavyokwenda ndani. Jina la kaka yake mkubwa limebaki kwenye bango kwa sababu lina mvuto. Hakukuwa na ganzi, na mwigo ulikuwa kichwa cha mashine kinachofanana na cha kweli kwa sura na kwa mlio.

Safu zake zinasomeka hivi: baada ya wiki 12 maumivu yamepungua kwa asilimia 72.1 upande wa mawimbi na asilimia 44.7 upande wa mwigo. Waliofanikiwa kwa jumla ni asilimia 61 dhidi ya 42.2. Ni ushindi wa wazi, na simnyang'anyi mtu. Lakini angalia mtindo. Kipimo si mstari mmoja tena. Ni mistari mitatu iliyojumlishwa: maumivu ya hatua za kwanza asubuhi, maumivu ya shughuli za mchana, na maumivu kisigino kinapobonyezwa kwa kifaa. Sauti tatu zimeunganishwa kuwa kiitikio kimoja, na msomaji anayetaka kujua habari ya asubuhi tu hana budi kuichimbua. Pia milimita zimegeuka asilimia. Asilimia ni kipimo chenye mwangwi mkubwa: aliyeshuka kutoka 40 hadi 10 amepungukiwa milimita 30 na asilimia 75, na aliyeshuka kutoka 80 hadi 50 amepungukiwa milimita zile zile na asilimia haifiki 40. Hakuna uongo hapo, ila sikio la msomaji limeshaelekezwa.

Namba inayonishika zaidi katika ripoti hiyo ni 42.2. Kati ya kila watu 100 walioguswa na kichwa cha mashine kisichopitisha kitu, 42 walifikia kile ambacho waandishi wenyewe wamekiita mafanikio. Kwa hiyo kati ya 61 wa safu ya kwanza, wengi wangefika hapo hata kwa mwigo. Wale ambao mashine inaweza kuwadai kuwa wake ni kama 19 katika kila 100. Kumi na tisa si haba. Kwa mtu aliyeumwa mwaka mzima na kujaribu kila kitu, mimi mwenyewe ningemwambia afikirie. Lakini 19 na 61 ni habari mbili tofauti, na kilicho kati yake ni utao.

Hapa ndipo tangazo linapoingia. Mashine hizi sasa zipo katika kliniki za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na matangazo yake yana umbo linalofanana hata pale waandishi wake hawajuani. Yanaanza na swali kwa mgonjwa: unaumwa kisigino, bega, kiwiko, mgongo? Yanafuata na orodha ya makanusho: bila upasuaji, bila dawa, bila kulazwa. Kisha inakuja asilimia, moja, imesimama peke yake kwa tarakimu nene. Mwisho ni namba ya simu. Ripoti huzungumza kwa nafsi ya tatu wingi na wakati uliopita: wagonjwa waligawanywa, walitibiwa, walipimwa. Tangazo limehamia nafsi ya pili umoja na wakati ujao: utapata nafuu, utarudi kwenye kazi zako. Katika uhamisho huo watu 100 wamekuwa mtu mmoja, na huyo mmoja amewekwa upande wa waliopona. Wale 39 wa safu ya kwanza ambao hawakufanikiwa hata kwa mawimbi ya kweli hawana mahali pa kusimama katika sarufi ya namna hiyo.

Kuna na kifungu kingine kinachopotea njiani. Ripoti huorodhesha mapema watu wasioruhusiwa kuingia: mjamzito, mwenye tatizo la damu kuganda au anayetumia dawa za kuzuia kuganda, mwenye saratani mahali panapotibiwa, mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua pale yanapopita mawimbi. Katika ripoti, orodha hiyo ni sehemu ya mwanzo kabisa ya habari. Katika matangazo niliyoyasoma, kama ipo, imebanwa chini kwa herufi ambazo mama wa miaka 60 hawezi kuzisoma bila miwani. Hili linaniuma kusema kweli, kwa kuwa wengi wanaolipia matibabu haya hulipa kutoka mfukoni, na anayetoa fedha za mwezi mzima anastahili kuusoma mshororo wote.

Haki inanidai niseme pia kwamba kuna mahali safu zimepangwa kwa uzuri na tiba ikang'ara. Mwaka 2003 Gerdesmeyer huyo huyo alichapisha katika JAMA jaribio la wagonjwa 144 wa Ujerumani na Austria wenye bega lililoganda chokaa ndani ya kano. Humo safu ni tatu. Mtunzi wa ukawafi angesema kuna ukwapi, utao na mwandamo: nguvu kubwa, nguvu ndogo, na mwigo. Baada ya miezi sita, alama za utendaji wa bega zilipanda kwa 31.0 kwa nguvu kubwa, 15.0 kwa nguvu ndogo, 6.6 kwa mwigo. Kipande cha tatu kinafanya kazi ambayo viwili haviwezi. Safu mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu nyingi. Safu tatu zikishuka kwa mpangilio wa kipimo cha tiba, zinaonyesha mwelekeo. Tena bega hili lina kitu cha kupigwa picha. Chokaa huonekana kwenye eksirei, ikipungua inaonekana imepungua, na hivyo ripoti imempata tena shahidi wa aina ya lile jiwe la figo. Katika maandishi yote ya tiba hii, huu ndio utunzi ninaoupa nafasi ya kwanza kwa muundo.

Hata hivyo utunzi mmoja haumalizi diwani. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, ambayo Buchbinder yule wa Melbourne ni mmoja wa waandishi wake, yalikusanya majaribio 32 yenye washiriki 2,281 juu ya matatizo ya kano za bega, zenye chokaa na zisizo na chokaa. Katika mapitio ya namna hii kila jaribio hubanwa likawa mstari mmoja mfupi wa mlalo kwenye mchoro, na katikati unasimama mstari wa wima wa kutotofautiana. Majaribio makubwa huwa na mistari mifupi, kwa kuwa yana uhakika. Madogo huwa na mirefu inayoyumba pande zote. Upande wa maumivu, kwa kipimo cha 0 hadi 10, waliopata mwigo walibaki na wastani wa 3.02 baada ya miezi mitatu, na mawimbi yaliongeza nafuu ya 0.78. Waandishi waliweka mapema kizingiti cha tofauti ambayo mgonjwa angeihisi kuwa na maana: 1.5. Kuweka kizingiti ni uamuzi wa kimtindo wenye uzito kuliko takwimu zenyewe, maana unaligeuza swali. Halibaki kuwa kama tofauti ipo, linakuwa kama mtu anayefua, anayeinua ndoo, anayesuka, ataiona mkononi mwake. Kwa 0.78 jibu lao lilikuwa kwamba faida za maana ni chache. Naona walikuwa na haki ya kuweka kizingiti hicho, ingawa kuchanganya mabega yenye chokaa na yasiyo nayo kwenye mchoro mmoja kunaufunika ule mwelekeo mzuri wa safu tatu.

Limebaki suala la mahali habari inapokatwa. Ripoti nyingi za kisigino husimama wiki ya 12, na baada ya hapo mambo hubadilika kimya kimya. Katika jaribio la OssaTron lililoongozwa na John Ogden nchini Marekani, baada ya wiki hizo siri ilifunguliwa kwa wasiopata nafuu, na walioangukia mwigo wakapewa nafasi ya kutibiwa kwa mawimbi ya kweli. Kwa utu siwezi kuupinga uamuzi huo. Mtu amejitolea kisigino chake kwa miezi mitatu, ana haki ya kupewa alichokosa. Kwa muundo, hata hivyo, utao umevunjika. Wagonjwa wa safu ya pili ambao hawakupata nafuu wameruhusiwa kuhamia ya kwanza, na namba za miezi sita au mwaka mmoja zinazofuata hazina tena safu ya pili iliyo kamili, ziwe zimechapishwa ndani ya ripoti au kwenye bango. Msomaji asiyeangalia tarehe hupita mpaka huo bila kujua ameuvuka, kwa sababu majedwali ya pande zote mbili hufanana. Matokeo ya mwaka mmoja yakinukuliwa kwa mgonjwa, yanukuliwe pamoja na siku ambayo siri ilifunguliwa, na hesabu ya waliokuwa wamebaki upande wa mwigo siku hiyo.